Ng'ombe Aliyepotea Ndani ya Sentensi

Sentensi mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika ina maneno saba: “Baadhi ya wakazi wamedai mifugo yao imeathirika.” Haina kosa la sarufi. Mhariri aliipitisha bila kuigusa, na siku ile mimi mwenyewe niliona nimefanya kazi safi, yenye mizani, isiyomwonea mtu. Ilitoka ukurasa wa mikoani, jirani na picha ya mheshimiwa akikata utepe. Leo nataka kuihakiki kama tunavyohakiki ubeti au aya ya riwaya hapa, kwa sababu kadiri ninavyosoma yaliyoandikwa duniani kuhusu moshi wa matanuru ya madini, ndivyo ninavyoikuta sentensi yangu kila mahali, imevaa nguo za lugha nyingine.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 2018, kiangazi, upepo wa Dodoma ule unaokusagia vumbi mpaka kwenye meno. Kijiji sitakitaja, wala mwenye tanuru sitamtaja: jambo halikufika mahakamani na hakuna aliyepima chochote. Lilikuwa tanuru dogo la kuyeyushia betri chakavu za magari, uzio wa bati, bomba la moshi fupi kuliko mbuyu uliokuwa jirani. Mwenyekiti wa kitongoji akanipeleka kwa mzee mmoja mfugaji. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikajaribu mbukwenyi ya Kigogo, akaicheka lafudhi yangu. Mimi si Mgogo. Nilikuja Dodoma kusoma chuo nikabaki.

Nikamuuliza swali la kiandishi: “Mzee, huu moshi umewaathirije?”

Hakulijibu. Alianza na bibi yake yule ndama. Ng'ombe huyo aliingia kwenye zizi la baba yake kwa mahari ya dada mtu, na mzee akanieleza alitoka ukoo gani, alizaa mara ngapi, na mwaka gani wa ukame alinusurika yeye wakati wenzake wanaanguka. Akaja kwa mama. Ilipofika zamu ya ndama mwenyewe nilikuwa nimeshatazama saa mara mbili, kwa sababu gari la kunirudisha mjini lilikuwa linasubiri na dereva ana maneno.

“Alipenda kwenda pale kwenye uzio, walipokuwa wanatupa makasha ya betri. Analamba. Ng'ombe akionja kitu chenye ladha ya chumvi humtoi, mwanangu. Halafu akaacha kunyonya. Akawa anasaga meno, na mdomoni hamna kitu. Siku ya tatu nikamkuta amekiweka kichwa kwenye nguzo ya zizi, anaisukuma. Anaisukuma tu. Nikapitisha mkono mbele ya macho yake. Macho yapo, lakini haoni.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikuliandika hata kwenye daftari, ila limebaki kichwani: zamani moshi ng'ombe waliufuata wenyewe. Jioni watu waliwasha samadi kavu zizini kufukuza inzi, na ng'ombe wakaja kusimama ndani ya moshi wamefumba macho. “Sasa nitamfundishaje ng'ombe kwamba huu ni moshi mwingine?”

Dakika arobaini za maelezo. Mimi nikazirudisha mjini zikiwa maneno saba.

Tuanze na “wamedai”. Kwenye chumba cha habari neno hili ni kinga: halimwiti mtu mwongo, ila linasogea hatua moja pembeni ili likitokea la kutokea lisituguse. Ofisa akisema, “amesema”. Waziri akisema, “amebainisha”. Mwanakijiji, hata akieleza alichokiona kwa macho yake kwenye zizi lake, “anadai”. Kinachonichekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba kwa Kiswahili cha kawaida anayedai ni mwenye haki ya kulipwa. Namdai fulani elfu kumi, yaani zipo kwake, si za kubuni. Uandishi wetu umelichukua neno la mwenye mali likawa neno la mwenye mashaka.

Halafu “imeathirika”. Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kilinisaidia kujificha. Kauli ya kutendeka ina utamu wake: kikombe kimevunjika, nguo imechanika, mifugo imeathirika. Kauli ya kutendwa ingeniuliza, “na nani?” Nikiandika “imeathiriwa”, msomaji ana haki ya kusubiri kile kiambatanishi “na”. Kwa “-ika” hasubiri chochote. Jambo limejitokea lenyewe kama jani kavu linavyodondoka.

Na “mifugo”. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Alikuwepo ndama mmoja, mwenye mama na bibi, mwenye njia yake ya kwenda kwenye uzio. Nikamgeuza kuwa mifugo.

Miaka kadhaa baadaye, kwa sababu nyingine kabisa, nilikuwa napitia kitabu cha magonjwa ya wanyama nikakutana na ukurasa wa sumu ya risasi kwa ng'ombe. Upofu ilhali macho yanaonekana mazima. Kusaga meno. Kusukuma kichwa ukutani au kwenye nguzo. Ndama huathiriwa upesi kuliko ng'ombe wakubwa, na betri chakavu ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana zaidi, kwa vile ng'ombe huzilamba. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyomuua ndama wa mzee. Damu yake haikupimwa. Nasema mzee alinipa maelezo ya daktari kwa umbo la hadithi, na mimi, mwenye shahada, sikujua kulisoma umbo hilo. Nilidhani hadithi ni maganda, niyamenye nipate punje.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta wengine walivyoandika. Kesi mashuhuri kuliko zote za moshi wa tanuru ni ya Trail, mji mdogo wa Kanada kando ya mto Columbia, karibu na mpaka wa Marekani. Kiwanda chake kiliyeyusha risasi na zinki. Mwaka 1925 na 1927 kiliinua dohani mbili za futi 409 kila moja, na hewa ya salfa ikafuata bonde la mto ikavuka mpaka hadi kwa wakulima wa jimbo la Washington. Mwaka 1931 tume ya pamoja ya nchi hizo mbili ilipendekeza fidia ya dola 350,000. Baraza la usuluhishi likaongeza dola 78,000 mwaka 1938, na mwaka 1941 likatoa uamuzi wa mwisho ambao wanafunzi wa sheria wanaukariri mpaka leo: hakuna nchi yenye haki ya kuitumia ardhi yake kwa namna ambayo moshi wake utaleta madhara kwa jirani.

Ni andiko zuri. Lina subira, linafuata upepo saa kwa saa, linazungumzia unyevu na mwendo wa hewa bondeni kwa makini ambayo waandishi wengi wa riwaya hawana. Sasa fika kwenye sehemu ya madai. Ardhi iliyolimwa imelipiwa. Miti imelipiwa. Ukifika kwa mifugo, baraza linasema Marekani imeshindwa kuthibitisha kwamba moshi uliwadhuru wanyama, au maziwa yao, au sufu yao. Basi. Sentensi moja, ng'ombe wametoka ukurasani.

Nimelitafakari sana jambo hili na nadhani sababu yake ni ya kiusomaji zaidi kuliko ya kisheria. Hewa ya salfa huingia kwenye jani kupitia vitundu vyake vya kupumulia, ikaua sehemu zilizo katikati ya mishipa. Mishipa inabaki kijani, katikati panapauka. Jani linaandika ushahidi wake lenyewe, na mtaalamu analisoma. (Salfa tunayoijua sisi ni ile ya unga, ya korosho na zabibu, inayopuliziwa ubwiri. Ndugu yake huyu wa moshini ni kiumbe kingine.) Mti nao hutunza kumbukumbu kwenye pete za shina. Ng'ombe haandiki. Anakula leo hapa, kesho kule, anakonda, anatupa mimba, anakufa, anachinjwa kabla hajafa. Ushahidi wake wote uko mdomoni mwa aliyemchunga, na mdomo huo hupewa kitenzi “kudai”.

Miaka kabla ya Trail, huko Montana, tanuru kubwa la shaba la Washoe liliwashwa mjini Anaconda mwaka 1902, na haukupita muda ng'ombe, kondoo na farasi wa bonde la Deer Lodge wakaanza kufa. Aseniki ilikuwa inatua kwenye nyasi. Kampuni ikawalipa baadhi ya wafugaji na kujenga bomba refu zaidi, lakini mwaka 1905 wakulima wakaenda mahakamani, wakatoa ushahidi wa maelfu ya kurasa, na mwaka 1909 jaji akakataa kukifunga kiwanda. Katika mabishano ya aina hii huko Marekani lilizuka hata jina la kejeli, “wakulima wa moshi”, yaani watu wanaolima fidia badala ya ngano. Nilipolisoma nilicheka, kisha nikaona aibu. Sentensi yangu ilikuwa imesema hivyohivyo, kwa adabu.

Wengine mtasema mambo ya Montana tunayaleta hapa ya nini. Kumbukeni 2017. Machi mwaka ule Rais Magufuli alizuia kusafirisha mchanga wa madini, na ndani ya wiki chache nchi nzima, kuanzia bungeni hapa Dodoma hadi vijiweni, ilikuwa imejifunza neno “makinikia”. Swali la kila mtu likawa: kwa nini hatuna tanuru letu la kuyeyushia? Lilikuwa swali la haki, nami niliuliza vilevile. Kwenye habari zote nilizoziandika mwaka ule kuhusu makinikia, sikumbuki kama niliwahi kuuliza moshi wa hilo tanuru ungeelekea kijiji gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ifanyike kabla ya mradi, na wananchi wasikilizwe. Lakini wakisikilizwa wataandikwa kwa vitenzi gani?

Kwa upande wetu huu wa dunia, mahali ambapo sentensi iliandikwa vizuri zaidi ni Mombasa. Hapo lazima nianze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili “risasi” ni madini na ni ile inayotoka kwenye bunduki. Andika kichwa cha habari “Watoto wakutwa na risasi kwenye damu”, na msomaji wa haraka atadhani polisi wamepita. Sidhani kama tunahitaji kulitenganisha neno hilo. Limebeba ukweli zaidi ya tulivyokusudia.

Kijiji cha Owino Uhuru kiliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuanzia 2007 mpaka kilipofungwa 2014. Phyllis Omido aliajiriwa hapo. Mtoto wake akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu, na njia iliyompitia ilikuwa maziwa ya mama yake. Risasi ina tabia ya kujibanza mifupani ikijifanya chokaa ya mwili, na mama anaponyonyesha hutoka nayo. Ng'ombe naye ni hivyohivyo. Kesi ilianza 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa ikawapa wakazi shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Ninachokiangalia mimi kama msomaji ni mahali masimulizi yanapoanzia. Omido hakuanza na “wakazi”. Alianza na mtoto mmoja na maziwa, na alipokuwa na karatasi ya maabara mkononi aliendelea kusimulia kuhusu mtoto. Karatasi haikuchukua nafasi ya hadithi. Mzee wangu naye alianza na ndama aliyeacha kunyonya. Tofauti ni kipimo kimoja cha damu, na mtu wa kuisikiliza stori mpaka mwisho kabla ya kuamua ni stori gani.

Shaba ina habari nyingine, na kwa shaba inabidi twende Lubumbashi, ambako Kiswahili kimeishi chini ya dohani kwa zaidi ya miaka mia. Union Minière iliyeyusha shaba ya kwanza pale mwaka 1911. Kiswahili cha mji kikalipa bomba hilo jina, mumbunda, na chungu ya mavi ya madini iliyo kando yake ikawa kilima tu, kana kwamba Mungu ndiye aliyeiweka. Wachoraji wa mitaani walichora mumbunda na kilima mara nyingi, picha zikatundikwa sebuleni. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wao, aliieleza historia ya nchi yake kwa picha zaidi ya mia moja mwaka 1973 na 1974, akimsimulia Johannes Fabian kwa Kiswahili cha Shaba. Ukitaka kujua Kiswahili kinaweza kubeba mawazo mazito nje ya pwani na nje ya BAKITA, msome huyo.

Lakini tazameni moshi kwenye picha za mumbunda. Unatoka. Unapanda. Ni alama kwamba kazi ipo, mshahara upo, unga upo. Haushuki popote. Siwalaumu wachoraji hata kidogo. Gécamines ilipoyumba na moshi ukapungua, watu waliukumbuka kama unavyomkumbuka ndugu aliyekuwa anatuma hela. Ila upepo wa kiangazi pale hutoka kusini-mashariki, na kwa miaka yote hiyo moshi ulikuwa unashuka upande wa kaskazini-magharibi. Upande huo kuna eneo la Penga Penga, ambako udongo umejaa shaba kiasi kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakihangaika kuotesha tena hata majani mafupi tu, ya aina chache zinazostahimili. Picha imesimama upande mmoja wa dohani. Shamba liko upande wa pili.

Fasihi yetu ya Tanzania ya miaka ileile nayo ilisimama upande wa mfanyakazi, na ilifanya vema: *Kuli* ya Shafi Adam Shafi bado inanisisimua kila nikiisoma. Tuna riwaya za bandari, za mji, za ujamaa. Sijakutana na riwaya ya Kiswahili inayosimama upande ule upepo unakoelekea, kwa mtu asiyeajiriwa na kiwanda, asiyekula mshahara wake, ambaye anakutana nacho kwenye nyasi tu. Tukisema “pafukapo moshi pana moto” tunageuka upesi kuutafuta moto. Methali haina haja na moshi wenyewe.

Hapa Ugogo, kwa uzoefu wangu, umbo la kuandikia jambo kama hili lipo, sema hatulitumii magazetini. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma wa mwaka 1917, wengi tunamjua kwa mashairi na ngonjera, lakini alituachia pia kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka 1954. Alizaliwa wakati njaa kuu inayoitwa Mtunya inaanza, ile ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya vita yalipokuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakata. Wagogo waliipa njaa jina. Mtu akitaja Mtunya anataja mwaka, sababu na waliokufa kwa neno moja. Huwezi kuiandika kwa “-ika”.

Moshi hauna jina la namna hiyo. Unakuja kidogokidogo, mwaka huu ndama, mwaka ujao mimba tatu, mwaka mwingine mtama hauna kitu, na kati yake kuna ukame wa kawaida wa Dodoma ambao unaweza kubebeshwa lawama yote. Ndiyo maana naamini mzee alianza na bibi wa ndama. Alikuwa ananipa kipimo. Huyu bibi aliuvuka ukame ule, mama akavuka ule mwingine. Kwa hiyo usiniambie ni ukame. Ilikuwa hoja, imepangwa vizuri kuliko hoja nyingi ninazozisikia bungeni, na mimi nilikuwa natazama saa.

Mwezi uliopita nilihama chumba nikalikuta daftari la mwaka ule. Ukurasa wa mzee upo. Nimeandika “mahari – dada”, nimeandika “anasukuma nguzo”, nimepigia mstari “haoni”. Jina la ndama liko pale pia, na rangi yake, ambayo mzee aliitaja kwa Kigogo kwa sababu alisema Kiswahili hakina neno la rangi ile. Niliandika haraka. Jina nalisoma. Rangi siwezi kuisoma. Herufi ya tatu ni “n” au “w”, na mwisho wino umeingiliwa na vumbi. Nimemwonyesha jirani yangu, Mgogo wa Mpwapwa. Ameugeuza ukurasa huku na huku, akaniambia, “Hapa itabidi urudi ukamuulize mwenyewe.”